Ujumbe wa Mbonea Ulikwama kwa Nani?

Sogeeni hapa, wakubwa kwa wadogo. Simu zenu zilazeni kifudifudi, maana hadithi hii imechoka kukatizwa. Nitaisema mpaka mwisho bila kuwauliza kitu. Nikifika mwisho nitauliza swali moja tu, na hapo sitaki mtu aniambie ameacha sufuria jikoni.

Kulikuwa na mji uitwao Irondo, mji wa mlimani, wenye mvua nyingi na maji machache bombani. Miji ya namna hiyo mnaijua. Maji yake yalisimamiwa na ofisi ambayo watu waliiita Mamlaka, basi. Ndani ya Mamlaka hiyo walikuwamo watu wanne ambao nataka muwajue kwanza, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nakiete. Ndiye aliyekuwa Meneja, na wafanyakazi wote walimwita Mama, hata waliomzidi umri. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Alijua bomba lipi limepita chini ya kanisa na lipi chini ya soko, na alijua mtoto wa fundi yupi ana pumu. Kila asubuhi alivaa mabuti akauzunguka mji kwa miguu, akainama juu ya kila shimo, akasalimiana na waliomo, na hapo hapo akaamua. Funga hii. Fungua ile. Wewe uso umekuvimba, nenda nyumbani ukalale. Watu walimpenda kwa sababu ukimuuliza jambo alikujibu ukiwa bado umesimama mbele yake.

Wa pili ni Elitruda, katibu muhtasi wake. Kipaji chake kilikuwa kuchambua. Mpe barua ya kurasa tatu yenye mihuri na kumbukumbu namba, naye atakuambia kwa pumzi moja, "Huyu anataka gari." Na kweli, ukiisoma mpaka mwisho utakuta anataka gari. Alimpenda Mama kama mzazi wake, na chai ya Mama hakumwachia mtu mwingine kuipika.

Wa tatu ni Mcharo, Mhandisi Mkuu. Kipaji chake kilikuwa mikono yake, pamoja na ukaidi. Bomba likipasuka alishuka shimoni mwenyewe, tai na yote, na hakutoka mpaka limeziba. Ungeweza kumwita chakula kikapoa, kikapashwa moto, kikapoa tena.

Wa nne ni Mbonea, mtunza chanzo. Siku za kazi alikaa katika kibanda cha mawe juu kabisa mlimani, mahali maji yanapotoka msituni na kuingia kwenye bwawa dogo lenye koki kuu. Kipaji chake kilikuwa adabu. Mnacheka? Haya, chekeni, lakini mtafuteni mtu wa namna hiyo siku hizi kama mtampata. Mbonea hakuwahi kuanza neno lake kabla hajauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na za ule mguu uliokuuma mwaka jana. Wala hakuwahi kumtisha mtu kwa habari. Hata moto ulipokula jiko lake, alimpigia dada yake simu akamwambia, "Sisi hatujambo kabisa, isipokuwa jiko limeungua." Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Hatujambo inatangulia, isipokuwa inafuata.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu amri.

Miaka ya nyuma, Nakiete akiwa bado ofisa mdogo, mtunza chanzo mmoja alipigiwa simu na mkubwa wa wakati huo, akaambiwa afunge koki kuu. Akafunga. Hospitali ikakosa maji, wananchi wakaja juu, na yule mkubwa akakana mchana kweupe kwamba hakusema kitu. Mtunza chanzo akafukuzwa kazi, akaondoka Irondo na godoro lake kichwani. Nakiete aliliona hilo kwa macho yake na likamkaa rohoni. Alipopata kiti, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwakusanya wafanyakazi wote uani.

"Kuanzia leo," aliwaambia, "hakuna atakayefunga koki kuu wala kuacha kituo chake kwa maneno ya simu. Mtaniandikia barua pepe, nami nitawajibu kwa maandishi. Sitaki mtu akanwe tena."

Watu wakapiga makofi, na Mbonea akiwa mmoja wao. Ilikuwa amri ya huruma, nanyi naomba mlishike hilo mpaka tutakapofika kwenye kuamua.

Lakini mtu akishagundua kwamba maandishi yanamlinda, nani atamzuia kuandika? Aliyetaka misumari akaandika. Aliyeazima ngazi akaandika, na aliyeirudisha akaandika. Kila mmoja akaweka nakala kwa Mama, ili kesho asiulizwe. Na wote waliopata nakala wakajibu, "Imepokelewa kwa shukrani," wakajibu kwa wote, kwa sababu kukaa kimya baada ya kuandikiwa ni utovu wa adabu. Hapo sijaweka mkoa wanaotaka taarifa, wizara wanaotaka taarifa ya ile taarifa, na kamati ya harusi ya mtunza stoo iliyokuwa ikikumbushia michango.

Mama akaanza kujibu akiwa mezani anakula. Akajibu kanisani, simu akiwa ameificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Mabuti yakakauka mlangoni yakapasuka. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, siku hizi hata ukinisikiliza naona vidole vyako vinacheza." Usingizi ukampotea, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, na yeye aliyejua pumu ya kila mtoto akamwita Elitruda kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Elitruda akaitika tu. Kuna siku fundi mmoja alisimama mlangoni kumuuliza jambo la kujibika kwa neno moja, na Mama, bila kuinua uso, akamwambia, "Niandikie."

Fundi yule akarudi mezani kwake akaandika. Mimi hapo ndipo huwa natamani kuisimamisha hadithi, nimshike Mama mkono, nimvalishe mabuti, nimtoe nje. Lakini hadithi haikubali.

Basi mvua ikaja. Ilinyesha kwa siku nyingi mfululizo, na Jumatatu mto ukaondoka na daraja, na bomba kubwa lililofungwa chini ya daraja likaondoka nalo. Mji mzima ukakauka huku mvua inanyesha. Likabaki bomba moja jembamba la zamani, lililokuwa likipeleka maji hospitali peke yake, nalo linavuja kila kiungo. Mama akawaandikia wafanyakazi wote kwa mpigo mmoja kwamba bomba kubwa limekwenda, kila mtu abaki kituoni kwake na asubiri maelekezo.

Mnajua watu wa Mamlaka walifanya nini? Walimpa pole. "Pole sana Mama." "Pole Mama yetu, Mungu akutie nguvu." "Poleni wote." Kila pole ikajibiwa asante, na kila asante ikaenda kwa wote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mtu akifikwa na jambo unampa pole. Sasa ulitaka wamnyamazie? Lakini simu ya Mama ikawa inanguruma mezani bila kukoma, na kila kilichotokea kwenye kioo chake kilianza na shikamoo au kilianza na pole.

Jumanne asubuhi, Mbonea akaandika kutoka mlimani. Nitawasomea ujumbe wake kama ulivyokuwa.

"Shikamoo Mama. Pole sana na majukumu, na pole kwa mtihani huu uliotupata. Natumaini wewe na familia hamjambo. Sisi huku chanzoni hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bwawa limejaa vizuri na koki haina tatizo. Isipokuwa mlima ulio nyuma ya kibanda umefanya ufa tangu jana, na leo umepanuka, mkono unapita. Naomba ruhusa nifunge koki kuu, nishuke. Nasubiri maelekezo yako. Wako mtiifu, Mbonea."

Chini yake aliandika nakala kwa Mhandisi Mkuu.

Najua mmoja wenu ananong'ona, kwa nini hakupiga simu? Alipiga. Alipanda juu ya jiwe ambako mtandao ulipatikana, akampigia Mama, simu inatumika. Akangoja kidogo akapiga tena, inatumika. Akampigia Mcharo, ikaita mpaka ikakata. Akashuka kwenye jiwe akarudi kituoni, kama amri ilivyotaka. Sasa tuufuate ujumbe wake, tuone kila mmoja aliufanyia nini.

Mama aliupata akiwa kwenye kamati ya maafa. Ulikuja katikati ya pole mbili. Akaufungua, akasoma shikamoo, akasoma pole, akasoma hatujambo, akafika penye bwawa limejaa vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu daraja liende mabega yake yakashuka. Wakati huo huo mwenyekiti akamgeukia. "Meneja, chanzo kikoje?" Mama akajibu, "Chanzo ni salama, mwenyekiti. Nimeletewa taarifa sasa hivi." Alisema kweli, kwa kadiri alivyosoma. Kabla kidole hakijashuka kwenye mstari uliofuata, ukaingia ujumbe wa mkoa unaotaka taarifa kabla ya kikao kuisha, akaugeukia huo. Nao ulikuwa wa lazima, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuombea malori ya maji kwa ajili ya mji mzima. Malori yakaja siku hiyo hiyo.

Elitruda alimpokea Mama aliporudi kutoka kikaoni. Mama alikuwa anatembea ameshika ukuta, damu inamtoka puani inadondokea blauzi. Elitruda akamuuliza, "Mama, daraja lililokwenda linaitwaje?" Mama akamtazama, akafungua kinywa, jina likakataa kuja. Daraja ambalo alilipita tangu akiwa mtoto wa shule. Elitruda akanyoosha mkono.

"Nipe simu, Mama."

"Siwezi. Watu wananisubiri."

"Watakusubiri ukiwa umelala. Ukianguka watamsubiri nani?"

Akaichukua, akaizima, akaifungia kwenye droo. Akamlaza Mama kwenye chumba cha nyuma, akamfunika, akavuta kiti akakaa mlangoni, na waliokuja wote akawarudisha. Angeweza kuiwasha simu ile akazichambua barua mwenyewe, kama ilivyo kazi yake na kipaji chake. Alilifikiria hilo. Lakini akajiambia, nikiiwasha nitaona jambo, na nikiona jambo nitamwamsha, na nikimwamsha nitamuua. Ikabaki kwenye droo. Na ndani ya droo, kwenye simu iliyozimwa, ukawa unaelekea ujumbe wa pili wa Mbonea: "Shikamoo tena Mama. Samahani sana kwa kukusumbua. Nakumbushia tu ombi langu la asubuhi. Sasa mguu unapita." Daktari alikuja kusema baadaye kwamba presha ya Mama ilikuwa imefika pabaya, na kwamba usingizi ule ndio uliomwacha hai.

Mcharo alikuwa kwenye bomba la hospitali tangu alfajiri. Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya gari. Alipotoka shimoni kuchukua spana kubwa akaitazama, akaona Mbonea alimpigia, akaona na ujumbe. Huyu aliusoma wote. Katika watu wote wa Mamlaka, ni yeye tu aliyefika kwenye isipokuwa. Akaona jina lake limeandikwa chini, kwenye nakala, na nakala katika ofisi zetu ni ya kujua, si ya kujibu. Ukimjibia mkubwa wako barua aliyoandikiwa yeye, umemdharau. Halafu koki kuu ikifungwa, hospitali inakauka, na muda si mrefu muuguzi alikuwa amekuja mbio kumwambia kuna mama mjamzito yuko mezani anapasuliwa na ndoo zimekwisha. "Mama atakuwa ameshamjibu," Mcharo akamwambia fundi wake. "Nikimaliza kiungo hiki nampigia." Akarudi shimoni. Kiungo kikamkatalia, akakibembeleza, akakifunga. Maji yakafika kwenye chumba cha upasuaji, na yule mama akazaa, na wako hai yeye na mwanawe.

Mlima haukusubiri maelekezo. Jioni, kabla giza halijaingia, upande wote ule ulishuka, na watu wa mjini walidhani ni radi.

Walimpata Mbonea siku ya pili, karibu na koki. Koki ilikuwa wazi.

Elitruda alipomrudishia Mama simu, Mama aliuona kwanza ule ujumbe wa pili. Akautafuta wa kwanza, akaukuta, na simu ikamwonyesha kwamba ulikwisha kufunguliwa. Akausoma mpaka Wako mtiifu. Kisha akakaa sakafuni, mtu mzima, sketi ya ofisi imekunjika chini yake.

"Niliusoma," alisema. "Elitruda, niliusoma mimi mwenyewe. Niliishia kwenye hatujambo."

Elitruda akakaa naye pale chini. Mezani simu ikaanza kunguruma tena. Habari za msiba zilikuwa zimeenea, na watu wa Mamlaka walikuwa wanapeana pole, kwa wote.

Sasa tumefika kwenye desturi ya Irondo. Mtu akifia kazini, siku ya kuanua tanga anasimama mwenzake mmoja wa kazini, mbele ya ukoo wote, anaeleza marehemu alikufaje na kwa sababu ya nani. Anasimama mmoja. Baada ya hapo hakuna anayemgusa wala kumshitaki, lakini uso wake ndio watoto wa marehemu watakaoukumbuka mpaka wazeeke. Wakikutana naye sokoni, ni huyo. Wakimwona kwenye harusi, ni huyo. Ndiyo maana si kazi ya kukimbilia.

Lakini hawa watatu waliikimbilia. Siku chache kabla ya tanga walikwenda nyumbani kwa Foibe, mjane wa Mbonea, wakakaa kwenye benchi moja. Foibe alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na aliendelea kuchambua.

"Mwanangu," Mama akaanza, "nitasimama mimi. Amri ilikuwa yangu. Kama nisingeiweka, mume wako angeshuka kwa akili yake mwenyewe. Na ujumbe ulifika mkononi mwangu, nikauacha katikati. Nilisema mbele ya kamati kwamba chanzo ni salama."

"Mama alikuwa mgonjwa," Elitruda akasema. "Kichwa kilikuwa kimeshajaa. Lakini ujumbe wa pili ulikuja akiwa amelala, na aliyemlaza ni mimi. Aliyezima simu ni mimi. Kuchambua barua ndiyo kazi niliyoajiriwa, na siku moja tu niliyoikataa ndiyo hiyo. Nitasimama mimi, dada Foibe."

Mcharo alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake. "Hawa hawakujua," alisema. "Mmoja hakumaliza kusoma, mmoja hakusoma. Mimi nilisoma nikamaliza. Shemeji, mimi nilijua mlima umepasuka, nikashika spana."

"Ungemwambia afunge," Elitruda akamgeukia, "yule mama aliyekuwa anapasuliwa ungemwambia nini?"

"Ningemwambia ashuke, koki aiache wazi."

"Ulilifikiria hilo siku ile?"

Mcharo akavikunja viganja vyake. "Nililifikiria kesho yake," alisema.

"Na mimi nisingekuzimia simu," Elitruda akamwambia Mama, "leo tungekuwa na misiba miwili."

"Labda ungekuwa mmoja," Mama akasema. "Wangu."

Foibe akaweka ungo chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku zile yalikuwa yamezidi kumwishia.

"Nimewasikia," alisema. "Mkija watatu mnanipa pole, na pole ninazo, zimejaa nyumba nzima. Siku ya tanga nataka mmoja. Asimame aseme ni mimi, akae chini. Wale wawili wasimsaidie."

"Na tukisema sote?" Mama akauliza. "Kila mtu alikuwa na sehemu yake."

"Mkiwa watatu kila mmoja atakwenda nyumbani akiwa amebaki na kasehemu. Mimi sitaki kasehemu."

Mama akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hasira zako ni haki yako. Lakini mmoja atakusaidia nini?"

Foibe akachukua harage moja kutoka kwenye ungo, akaligeuza, akalirudisha.

"Siku ile alinipigia na mimi," alisema. "Mimi nilipokea."

Mama akainua uso kumtazama.

"Ilikuwa alasiri. Alinisalimia, akauliza watoto, akaniambia habari za ufa. Nikamwuliza, umeruhusiwa kushuka? Akasema bado, ameandika, anasubiri. Nikamwambia basi subiri, baba Kirama. Usishuke bila ruhusa, watakufukuza, na watoto wako shule. Akasema, haya mke wangu. Tukaagana." Akajipangusa uso kwa upande wa khanga. "Hamna anayejua. Mama mkwe hajui. Kila nikilala namsikia ananiambia haya. Kila nikiamka nasema ni mimi. Nataka nimsikie mtu mwingine akilisema, mbele za watu, nione kama nitaamini."

Mama alitaka kumshika mkono, Foibe akauvuta mkono wake taratibu, akarudi kwenye maharage. Wale watatu wakaaga wakaondoka.

Siku ya tanga imefika. Ukoo umekaa uani, na watoto wa Mbonea wamekaa mbele kwenye mkeka, wamenyolewa, wamevaa sare za shule kwa sababu ndizo nguo zao nzuri. Baba mdogo wa marehemu amesimama, amekohoa, amesema, "Sasa tunamwomba mtu wa kazini, atueleze."

Msiniambie wasimame wote, maana hilo Foibe alilikataa mbele yenu. Msiniambie ni mvua, wala mlima, wala simu. Mlima hauwezi kusimama mbele ya watoto ukasema neno. Wala msimtupie marehemu, eti angeanza na ufa akaacha salamu. Wangapi kati yenu mngemwandikia mkubwa wenu bila shikamoo?

Mimi nimeisema hadithi hii sehemu nyingi, na kila mahali watu wamegawanyika. Wengine humtaja Mama kwa sababu mamlaka yalikuwa yake, wengine wakasema mtu aliyekuwa hakumbuki hata jina la daraja hawezi kubebeshwa kifo cha mtu. Wengine humtaja Elitruda, wengine wakauliza mlitaka amwache Mama afe. Wengi humtaja Mcharo, mpaka mtu mmoja ainuke aseme, mimi mke wangu alijifungulia hospitali kama ile. Kuna bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kunijibu, analia.

Na pale uani, ukoo bado unasubiri. Mama ameshika magoti yake. Elitruda amemtazama Mama. Mcharo amefumba macho. Upande wa pili, katikati ya wanawake, Foibe ameweka kiganja chini kwenye mkeka, kama mtu anayetafuta pa kujiinulia, na mama mkwe wake amegeuka kumwangalia.

Upesi basi, ninyi mliokaa hapa. Kabla Foibe hajainuka, nani asimame?